Darasa Lililohamia Mgahawani

Tulipomzika Madamu Odette, kwenye makaburi yaliyo juu ya mji wa Gisenyi ambako upepo wa ziwa hupanda na kuwapeperushia wanawake mitandio, alisimama mzee mmoja mwenye koti jeusi akasema kwamba chuo chetu kilimpenda marehemu, kilimthamini, na kilimfungulia milango alete mafunzo mapya kwa vijana. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya Mado, rafiki yangu wa tangu chuoni, na nikahisi vidole vyake vikinibana mkono. "Reka, Conso," akaninong'oneza. Acha. Siku ile niliacha, kwa sababu marehemu ana heshima yake na watoto wake walikuwa wanalia. Lakini sikuahidi kuacha milele. Mzee yule alikuwa Naibu Mkurugenzi wa chuo hicho. Ndiye aliyelifunga darasa la Madamu Odette na ndiye aliyetunyima mtihani. Mimi nilikuwepo. Kwa hiyo nitausimulia mwaka ule kama ulivyokuwa, na asiyependa na asimame naye aseme lake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa utawala wa ofisi. Chuo kilikuwa kidogo, cha watu binafsi, kimepanga jumba la mapumziko ufukweni mwa ziwa Kivu, na hakuna aliyejisumbua kulibadilisha jumba lifanane na chuo. Bafu la chini ndilo lililokuwa masjala: mafaili yalipangwa ndani ya hodhi la kuogea, na karani alikalia kifuniko cha choo alichokitandika mto wa maua. Sisi tulisomea katika chumba cha kulia, chenye vigae vyeupe na vyeusi, na kila mvua iliponyesha paa lilivuja tukasogeza madawati upande mmoja kama abiria wa mtumbwi. Tulikaa kwa lugha. Waliotoka Goma na Bukavu walishika madirisha, na Kifaransa chao, na Kiswahili chao cha "mutu" na "muzuri". Waliokulia Uganda walikaa nyuma na Kiingereza chao. Sisi tuliokulia Tanzania tulikuwa wachache, karibu na mlango, tukichekwa kwamba tunaongea kama redio. Katikati walikaa wale ambao hawakuwahi kutoka nchini, na hao ndio waliokuwa kimya kuliko wote. Hatukuulizana mtu alikuwa wapi miaka ya mauaji iliyopita. Swali hilo lililala katikati ya chumba kama mbwa mkali, na kila mmoja alipita mbali nalo. Mhadhiri aliingia, akasoma kwa Kifaransa, tukaandika. Mtihani ukafika, tukamrudishia maneno yake mwenyewe. Aliyeyarudisha bila kuyachubua alipata alama nyingi. Huo ndio uliokuwa usomi.

Madamu Odette alikuja mwanzoni mwa mwaka huo kufundisha somo lililoitwa Mbinu za Ofisi, maana yake kupiga chapa na kupanga mafaili. Alikuwa amesimamia ofisi ya kampuni ya kahawa kule Goma kwa miaka mingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na kabla ya kuanza somo alivua viatu, akaviweka sambamba chini ya dirisha, akafundisha kwa soksi. Siku ya kwanza aliichukua karatasi ya mtaala, akaisoma yote kwa makini, akaikunja akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. "Bon," akasema. "Mashine ya kupiga chapa iko nakufa. Kifaransa ya ofisi, mi sijue kama itabakia. Ile kazi ba papa yenu balifanya mpaka pension, mutu moja na kiti moja, haiko tena. Donc, basi, mi nitawafundisha vitu ya kubeba. Leo uko kwa kiti hii, kesho banakutoa, unaenda kwa ingine. Utabeba nini?" Tukapekua madaftari. Tulidhani ni swali la mtihani na jibu lake hatukuwa nalo kwenye daftari.

Alitugawa makundi, na hapo ndipo kelele zilipoanza, kwa sababu alivunja lugha zote. Kundi langu lilikuwa na Mado wa Goma, aliyevuka mpaka asubuhi na kurudi jioni wakati wowote mpaka ulipokuwa wazi. Fred aliyekulia Uganda, mrefu, mwenye maneno mengi kuliko subira. Na Bosco wa Kanama, mmoja wa wale wasiowahi kutoka nchini, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake ila alipoitwa jina. Zoezi lake la kwanza lilikuwa jepesi kwa kusikia tu: bishaneni, lakini kabla hujampinga mwenzako, rudia alichosema mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Tukapewa jambo la kubishania, kama ofisi ifungwe siku ambazo barabara si salama. Miezi ile milio ya bunduki ilisikika upande wa milimani, na magari ya Ruhengeri yalikwenda kwa msafara au hayakwenda kabisa. Bosco alisema ifungwe. Fred akadakia: "Huyu anasema anaogopa!" Madamu akamtazama Bosco. Bosco akatikisa kichwa. "Rudia," Madamu akamwambia Fred. Fred akajaribu tena, akasema Bosco anaona kazi si muhimu. Bosco akatikisa kichwa tena, safari hii akiwa ameinama. Ndipo akasema, polepole, kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Mimi sikusema ninaogopa. Nimesema mama yangu haiwezi kula mpaka naingia ndani ya nyumba. Kama ofisi iko wazi, mama yangu hakuna kula." Fred alisimama akasema, neno kwa neno, kwamba mama wa Bosco hawezi kula mpaka amwone mwanawe mlangoni, na kwamba ofisi inayomwita Bosco siku hiyo inamlaza mama yake na njaa. "Ndiyo," Bosco akasema. Hawakukumbatiana, hakuna aliyelia. Ila juma lililofuata nilimkuta Fred amekaa dawati moja na Bosco, wakigawana karanga.

Siku hizi napita kwenye hoteli za mjini na kuona mabango ya warsha za kuwapa wanafunzi stadi za kazi. Vijana wanakaa kwenye viti vilivyovishwa vitambaa, kila mmoja na chupa yake ya maji, wanafundishwa kusikiliza, kushirikiana, kutatua matatizo, na mwisho wanapewa cheti chenye muhuri. Siwacheki. Nafurahi kwamba wanafundishwa. Lakini wakati mwingine natamani kuingia na kuwaambia kwamba kitu hiki wanachopewa pamoja na chai na maandazi, katika mji huuhuu, kiliwahi kuwa kosa.

Lilikuwa kosa kwa sababu Madamu alitutoa nje. Alituma kila kundi mahali pa kazi na swali moja tu: vijana mnaowaajiri wanashindwa nini? Sisi tulikwenda kwenye hoteli moja ya ufukweni. Meneja, mwanamume mnene aliyekuwa akihesabu vitambaa vya meza alipotupokea, alicheka kabla hatujamaliza kuuliza. "Wanajua kila kitu," akasema, "isipokuwa kusema sijui. Bomba likipasuka wanalifunika na taulo, wanangoja mimi nije niteleze." Tulirudi na majibu kama hayo kutoka hospitalini, kwenye maghala, kwenye ofisi za serikali: wanangoja kuamrishwa, wanaandika kurasa nyingi na hakuna anayejua wanataka nini, mteja akikasirika nao wanakasirika. Tuliyasoma darasani kwa vicheko vya uchungu, kwa sababu tulijijua. Sasa, meneja yule alikutana na Naibu Mkurugenzi kwenye meza ya bia, akamtania mbele ya watu kwamba wanafunzi wake wamekuja kumuuliza kwa nini chuo hakifundishi. Meneja alitania tu. Naibu hakupokea kama utani.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye ukumbi wa mbele nikimngoja karani atoe faili langu hodhini. Ofisi ya Naibu ilikuwa ng'ambo ya ukuta wa mbao. Alizungumza Kifaransa, kile cha kutafuna kila neno, nami nakiandika hapa kwa Kiswahili kama nilivyokielewa. Alisema chuo si jiko wala soko. Alisema mwajiri ataomba diploma, hataomba tabia njema. Kisha nikaisikia sauti ya Madamu, haikupanda hata kidogo: "Bwana Naibu, unawafundisha watoto hawa kukaa kwenye kiti ambacho watu wameshakichanja kuni." Karani, ambaye naye alikuwa ametega sikio, alisahau faili langu mkononi. "Somo lako nimelifuta," Naibu akasema. "Na mwanafunzi atakayelifuata huko utakakolipeleka hatafanya mtihani wa chuo hiki." Madamu alitoka. Alituona, mimi na karani, tumesimama kama wezi waliofumaniwa, akasema tu, "Conso, waambie wenzako darasa iko. Sijue iko wapi, lakini iko."

Mado ndiye aliyejua ni wapi. Mama yake alikuwa na mgahawa upande wetu wa mpaka mdogo wa kuingilia Goma, barabara ya vumbi jeusi la volkeno ambako wanawake wa Busasamana na Cyanzarwe walipita na vikapu vya viazi na kabichi tangu alfajiri. Kuta zilipakwa rangi ya samawati hadi kiunoni na nyeupe juu, meza zilifunikwa nailoni ya maua, na nyuma ya pazia sufuria zilichemka juu ya majiko ya makaa bila kupumzika. Wateja wa mchana walipokwisha kuondoka, chumba kilikuwa chetu. Tulifuta orodha ya vyakula kwenye ubao, tukaandika somo. Mama Mado hakuuliza maswali mengi. "Mutasoma na njaa? Njaa haisome," alisema, akatuwekea sahani moja kwa kila meza: maharage, sombe ya majani ya muhogo, na zile sambaza, dagaa wa ziwani, zilizokaangwa hadi zikavunjika kama vijiti. Tulilipa kwa kazi. Na Madamu, aliyeona somo katika kila kitu, aliifanya kazi hiyo kuwa somo. Tuliwahi mapema kuwahudumia wateja halisi, waliochoka, waliochelewa mpakani, ambao hawakujali kwamba sisi ni wanachuo. Nakumbuka dereva mmoja aliyenifokea kwa sababu ya mchuzi uliopoa. Nilianza kumjibu kama redio ya Tanzania, kwa ufasaha wote. Madamu, aliyekuwa akila pembeni, akaniita. "Umeshinda?" akaniuliza. "Nimeshinda, Madamu." "Bon. Na kesho atakula wapi?" Nikarudi, nikamuuliza dereva kilichompata. Gari lake lilikuwa limezuiwa na nyanya zinaoza. Sikuweza kuziokoa nyanya, ila nilimpashia mchuzi moto. Kesho yake alirudi.

Tulikuwa wengi mwanzoni, karibu darasa zima. Kisha Naibu akatuma watu wasimame barabarani waone nani anaingia mgahawani, na kila juma viti vikazidi kuwa wazi. Siwalaumu waliobaki chuoni. Wengine walikuwa wamevuka nchi mbili tatu ili wakalie dawati lile. Tulibaki wachache, na kundi letu la wanne tukabaki wote. Ndipo tulipoitwa mbele ya baraza la nidhamu.

Baraza lilikaa sebuleni, kwenye makochi ya mwenye nyumba, yamezama katikati kiasi kwamba wahadhiri waliokaa juu yake walitutazama kutoka chini. Tulitakiwa kuingia mmoja mmoja. Tukakataa. Fred alisema mlangoni, "Kosa ni moja, tunaingia pamoja," na kabla hawajaamua wakatukuta tumesimama mbele yao. Tulikuwa tumejipanga mgahawani siku nzima. Mado aliwatafsiria waliojua Kifaransa, Fred waliojua Kiingereza, Bosco alisema kwa Kinyarwanda ambacho wote walikielewa. Mimi nilipewa kufungua, kwa Kiswahili. Nilimgeukia Naibu nikasema: "Bwana Naibu, kabla hatujajibu, naomba kuhakikisha kwamba tumekuelewa. Unasema chuo hiki ni kichanga. Unasema wizara inakitazama, na kama mtaala hautafuatwa, diploma zetu hazitatambuliwa, na wazazi waliouza ng'ombe kwa ajili yetu watakuwa wamepoteza. Unatulinda. Ndivyo?" Alinitazama kama mtu aliyekuta mtego na haoni kamba yake. "Ndivyo," akasema. Hapo Bosco akasogea mbele. Bosco, ambaye mwaka mzima wa kwanza hakuna aliyemsikia. Akasema kwamba mtaala huo ulimpa maneno ya kukariri, na darasa la Madamu lilikuwa mahali pa kwanza, tangu yaliyotokea nchini, ambapo mtu alimtaka aseme anachofikiri na akangoja mpaka amalize. "Mkiniuliza ni lipi kati ya hayo litanipa kazi, sijui," akasema. "Lakini najua ni lipi lililonirudisha kati ya watu." Mhadhiri mmoja mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakuna aliyetupinga kwa hoja. Naibu aliangalia saa yake, akasema baraza limesikia.

Hukumu ilibandikwa mlangoni mwa bafu la masjala. Kila mmoja wetu atie saini kukiri kwamba mafunzo ya mgahawani yalikuwa upuuzi na uasi, au asifanye mtihani. Tulishinda hoja, tukapoteza mwaka. Nimeishi muda mrefu tangu hapo na nimeona kwamba mara nyingi ndivyo inavyokuwa, na bado nasema kuishinda hoja kulikuwa na maana, kwa sababu siku ile watu walioketi kwenye makochi yale walijua. Mama Mado alipoelezwa alipiga meza kwa mwiko. "Upuuzi? Banasema chakula yangu ni upuuzi?" Mado akacheka mpaka akakaa chini. Fred alisema hatii saini hata akatwe mkono. Mimi nilisema vivyo hivyo. Baadaye Bosco alitukuta nje, tukiosha sufuria, akasema atatia saini. Mama yake, wadogo zake, shamba la viazi ambalo hakuna aliyeweza kulilima kwa amani. Diploma hiyo ilikuwa yao wote. Nilimwona Fred akifungua mdomo, na nikaogopa, kwa sababu nilijua ulimi wake. Fred akameza alichotaka kusema. Kisha akasema, "Unasema ukikosa mtihani, si wewe peke yako unayekosa." Bosco akaitikia kwa kichwa. "Nenda," Fred akamwambia. "Na ufaulu, bwana."

Asubuhi ya mtihani wa kwanza tulikaa mgahawani, Mado, Fred, mimi na wenzetu wachache, tukijifanya tunakata vitunguu. Mchana, Bosco akaingia na shati lake jeupe la mtihani limelowa jasho. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja ubaoni, akafuta maharage, akafuta sombe, akafuta sambaza, akaanza kuandika maswali ya mtihani, moja baada ya jingine, jinsi alivyoyabeba kichwani kutoka ufukweni hadi mpakani. Alipomaliza alishusha chaki, akatutazama. "Haya," akasema, "na nyinyi mufanye." Mama Mado alifunga mlango akawaambia wateja kuna msiba. Tulifanya mtihani ule kwenye meza za nailoni, na tukafanya hivyo kila siku ya mtihani hadi ya mwisho, na Madamu Odette alisahihisha kwa kalamu nyekundu bila huruma hata chembe. Mimi aliniangusha katika hesabu. Nilimlalamikia kwamba mtihani wenyewe si halali. "Na kosa yako," akanijibu, "iko halali."

Mkataba wake haukuongezwa. Hakuagwa, hakupewa hata soda. Siku aliyokuja kuchukua vitu vyake nilimsaidia kubeba, na tulipopita mbele ya ofisi ya Naibu alisimama, akavaa viatu vyake vizuri, akafunga kamba, akampungia mkono dirishani kama jirani. Alifundisha pale mgahawani miaka mingine, yeyote aliyetaka, wauza kabichi na walimu na askari waliopunguzwa jeshini, mpaka miguu ilipomkatalia. Bosco alipata diploma yake, leo ni mkuu wa shule huko kwao. Fred alikwenda Kigali akafanya kazi nyingi, nyingine nzuri. Mado aliurithi mgahawa, ukawa migahawa. Kifaransa kiliondoka maofisini kama Madamu alivyotabiri, mashine za kupiga chapa zikaenda kwa mafundi wa vyuma chakavu, na chuo chenyewe kilifungwa. Jumba lile sasa ni hoteli.

Na mimi, mwanzoni mwa mwaka uliofuata, nilivaa sketi ya kuazima nikaenda kutafuta kazi bila karatasi yoyote. Ofisi ya kwanza ilikuwa ya shirika la misaada, na bwana aliyenipokea alinyoosha mkono kabla sijakaa. "Diploma."

"Sina."

"Ulishindwa?"

"Nilikataa kusema uongo juu ya mwalimu wangu, wakaninyima mtihani."

Alirudisha kalamu mfukoni. "Hapa tunahitaji watu watiifu, dada."

"Basi mimi siye," nikasema, nikamshukuru kwa muda wake. Nilitoka nje. Ng'ambo ya barabara palikuwa na ofisi ya wasafirishaji, mlango wazi, malori mawili yameziba njia, madereva wanazozana kwa lugha tatu. Ndani alikaa mwanamke mwenye simu kwenye kila sikio. Aliponiona alishusha moja, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akauliza kwa haraka, kama mtu asiye na muda wa kupoteza: "We, unajua kufanya nini?"

Nilivuta kiti, nikakaa bila kukaribishwa, nikaanza kumwambia.